Moto Haufiki: Historia ya Maneno ya Cheche ya Injini katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Kwa miaka mingi kazi ya kusanifu istilahi za ufundi wa magari imekuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya kutafuta majina ya vipuri. Orodha huandikwa, jina la Kiingereza upande mmoja na la Kiswahili upande wa pili, na kila kipuri kikishapata jina lake huonekana kwamba kazi imekwisha. Hatukusudii kuzibeza orodha hizo; zina manufaa makubwa kwa mwalimu na kwa mfasiri. Lakini fundi hatengenezi gari kwa kutaja vipuri. Kwanza hutafuta ugonjwa ulipo, na katika kuutafuta hutumia maneno ya namna nyingine kabisa: vitenzi, sifa, majina ya dalili, majina ya sauti na rangi. Maneno hayo ndiyo yanayokosekana katika orodha zetu, nayo ndiyo yenye Kiswahili kingi zaidi.

Katika makala haya twakusudia kuyaangalia maneno hayo katika sehemu moja tu ya gari, yaani ile inayotoa cheche ya kuwashia petroli, na katika upande mmoja tu wa nchi, yaani pwani ya kusini kutoka Kilwa hadi Lindi. Pwani hiyo tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, watu wake walikuwa na lugha kamili ya moto wa kugonga kabla gari la kwanza halijaonekana. Pili, hewa yake ya chumvi na njia zake za matope zimekuwa shule kali ya fundi wa umeme wa gari.

Moto wa kugonga kabla ya motokaa

Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa mojawapo ya bandari kubwa za biashara ya pembe na watumwa, na njia ya misafara yake ilifika hadi Ziwa Nyasa. Bunduki zilipita njia hiyo kwenda bara, na maneno yake yalipita pamoja nazo. Ilikuwapo bunduki ya gumegume, ambayo jiwe lake lilipiga chuma na kutoa cheche. Cheche ziliangukia baruti kidogo iliyokuwa nje, na moto ukapenya katika tundu jembamba hadi kwenye baruti ya ndani. Baadaye ikaja bunduki ya fataki. Hiyo haikuhitaji jiwe, kwa kuwa ilikuwa na kifuniko kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka ikigongwa. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 bado yaieleza fataki kwa maana hiyo ya bunduki. Msomaji wa leo huijua zaidi kama kilipuzi cha sherehe, na tangu kampeni ya redio ya mwishoni mwa miaka ya 2000 wengi hulitumia neno hilo kwa mwanamume mtu mzima anayewarubuni wasichana wa shule. Neno limetembea mbali na kazi yake ya kwanza.

Kifaa kizima cha kupigia moto kiliitwa mtambo wa bunduki. Mtambo ulikuwa na kani yake. Ulipoachiliwa ulialika, yaani ulitoa ile sauti kavu ya kugutuka. Cheche lilikuwa neno la kila siku, kama ilivyokuwa kuwasha na kuwaka, na kati ya vitenzi hivyo viwili mzungumzaji alijua tofauti ya mtendaji na kitendwa bila kufundishwa. Vita vya Maji Maji vilipoanza katika milima ya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, Julai 1905, wapiganaji wengi walikuwa na mikuki na mishale, lakini walikuwapo pia wenye magobori, bunduki zinazoshindiliwa baruti kwa mdomoni. Mtu wa gobori alipovuta na bunduki isilie, alikuwa na maswali manne ya kujiuliza. Je, cheche imetoka? Imepenya tunduni? Baruti ni kavu? Na je, moto umefika kwa wakati, au umechelewa hata windo limekwisha kukimbia?

Tumeyaandika maswali hayo kwa makusudi. Ni yale yale anayojiuliza fundi wa gari la petroli mbele ya injini iliyokataa kuwaka, na utaratibu wake haujabadilika tangu injini hizo zibuniwe. Kwa hiyo mtu angeweza kutazamia kwamba Kiswahili kingelivika gari nguo za bunduki: mtambo wa cheche, fataki ya injini, tundu la moto. Haikuwa hivyo. Kwa nini?

Maneno yaliyokuja ndani ya sanduku

Gari lilianza kuonekana katika nchi hii wakati wa Wajerumani. Luteni Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 kwa gari lililotengenezwa Gaggenau, akafika Swakopmund, pwani ya magharibi, tarehe 1 Mei 1909. Safari hiyo ilipita bara na haikuigusa Kilwa. Kwa pwani ya kusini motokaa ilikuja na vita. Majeshi ya Waingereza yaliteremka Kilwa na Lindi Septemba 1916, na mwaka uliofuata safu mbili, moja kutoka Kilwa na nyingine kutoka Lindi, ziliingia bara hadi mapigano makubwa ya Mahiwa, Oktoba 1917. Mizigo mingi ilibebwa na binadamu, wale wapagazi wa jeshi ambao jina la kikosi chao limebaki Dar es Salaam katika neno Kariakoo. Lakini yalikuwapo pia magari, na miongoni mwake magari mepesi ya Ford.

Ford ya siku zile, ile iliyoitwa Model T, ilikuwa na sanduku la mbao lenye koili nne, moja kwa kila silinda. Koili iliyokuwa ikifanya kazi ilitetema na kunguruma kama nyuki, na dereva mwenye masikio mazuri alijua ni ipi iliyonyamaza. Chini ya usukani palikuwa na wenzo wa kuwahisha au kuchelewesha cheche kwa mkono. Aliyesahau kuichelewesha kabla ya kuzungusha hendeli alihatarisha mkono wake, maana injini iliweza kupiga kinyume na hendeli ikamvunja mfupa. Hivyo kuwahisha na kuchelewesha hayakuwa maneno ya darasani. Kutoyaelewa kulikuwa na gharama, nayo ililipwa papo hapo.

Jibu la swali letu limo katika lile sanduku. Kipuri cha gari hakikufuliwa na mhunzi wa Kilwa; kilikuja kimefungwa kutoka ng'ambo, kikiwa na jina lililochapwa juu ya boksi. Askari Mwingereza alilitamka, mwenye duka Mhindi akaliandika katika daftari lake, na fundi Mswahili akalipokea likiwa limekwisha kufanyiwa biashara. Ndivyo tulivyopata plagi, koili, kondensa, rota, distribyuta na pointi, kama vile neno gari lenyewe lilivyotujia kutoka Bara Hindi. Jina lilikuwa sehemu ya bei. Mtu aliyetumwa dukani kutafuta fataki ya injini angerudi mikono mitupu.

Yafaa tutue kidogo juu ya neno plagi, maana hapa tulipoteza kitu. Wafaransa hukiita kipuri hicho kwa neno lao la mshumaa. Waitaliano nao hivyo hivyo. Wajerumani husema mshumaa wa kuwashia. Hata Waarabu wana neno lao la mshumaa kwa kazi hiyo. Jina hilo lamweleza mgeni kwamba kitu hiki ni chenye kuwaka nchani. Jirani zetu wa Kongo ya mashariki, waliopokea motokaa kwa Kifaransa, husema buji, yaani mshumaa uliobadilishwa sauti. Sisi tulipokea kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza neno lile maana yake ni kizibo tu. Kwa hiyo neno letu husema kwamba tundu limezibwa na halisemi lolote juu ya moto. Tena twalitumia neno hilo hilo kwa kile kichwa cha waya kinachochomekwa ukutani. Hatupendekezi kulifuta sasa. Neno ambalo kila duka la vipuri kutoka Somanga hadi Lindi hulijua halifutwi kwa azimio la kikao.

Baada ya vita magari yaliongezeka polepole. Mashamba ya mkonge ya Lindi, kama Kikwetu na Mkwaya, yalihitaji malori. Kisha ukaja Mpango wa Karanga, uliotangazwa kwa shabaha ya kulima ekari 3,210,000 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, na Nachingwea ikawa mojawapo ya vituo vyake vitatu. Reli ilijengwa kutoka Mkwaya, kwenye hori la Lindi, kwenda Nachingwea. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilikubali kwamba mpango umeshindwa. Karanga hazikupatikana, lakini trekta, malori na karakana vilikuwa vimeingia mahali ambapo miaka michache kabla hapakuwa na kelele ya injini, na vijana waliokuwa wamepita katika karakana hizo walikuwa wamejifunza kazi. Kwa maoni yetu historia ya msamiati wa ufundi kusini mwa nchi hii haiwezi kuandikwa bila kuzitaja karakana za Nachingwea, ingawa wanahistoria wa uchumi huziona kama mabaki ya hasara.

Chumvi, matope na kivuko

Tukumbuke pia njia. Kwa muda mrefu mtu wa Lindi aliyetaka kwenda Dar es Salaam kwa gari, mwendo wa karibu kilometa 450, alilazimika kuvuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu. Wakati wa masika njia ilifungika kabisa, na watu wakarudi kutegemea bahari. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na kipande cha lami kati ya Ndundu na Somanga kikakamilika katika miaka ya 2010. Hata baada ya hapo maji hayajasalimu amri: Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ilikatika tena katika eneo la Somanga.

Gari la petroli la zamani likipita katika maji ya mto kama Mbwemkuru wakati wa mvua hurushiwa maji na feni yake yenyewe. Maji hulowanisha waya na kifuniko cha distribyuta, na moto uliotakiwa kufika kwenye plagi hupata njia fupi ya kutorokea. Maji ya mtoni hukauka, chumvi haikauki. Hewa ya baharini, na zaidi karibu na mashamba ya chumvi ya pwani hii, huacha utando mwembamba ambao usiku huvuta umande na kuwa njia ya umeme. Ndiyo maana gari la pwani laweza kuwaka vizuri adhuhuri na kukataa alfajiri.

Jinsi fundi anavyoutafuta ugonjwa

Ili tuyaone maneno yakiwa kazini, tuchukue mfano wa gari linalokumbukwa Afrika Mashariki nzima, Datsun 240Z. Gari hilo la michezo la milango miwili lilishinda mbio za Safari mwaka 1971 likiwa mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na Lofty Drews. Injini yake ina silinda sita katika mstari mmoja, na ujazo wa sentimita za ujazo 2,393. Mtambo wake wa cheche hautofautiani kwa misingi na ule wa Land Rover ya petroli iliyokuwa ikipita Nangurukuru kwenda Kilwa Masoko. Tofauti ni ukali wa kazi. Katika injini ya silinda sita inayozunguka mara 6,000 kwa dakika, pointi hufunguka na kufunga mara 18,000 kwa dakika, yaani mara 300 kwa sekunde. Hitilafu ambayo katika lori huvumilika mwezi mzima, katika gari la michezo hujionyesha mara moja.

Kazi yenyewe ni hivi. Umeme wa betri, volti 12, hupita katika waya mnene wa ndani ya koili na kurudi kupitia pointi. Pointi zikiachana, umeme hukatika ghafla, usumaku wa koili huporomoka, na katika waya mwembamba wenye mizunguko mingi huzaliwa umeme wa maelfu mengi ya volti. Huo hupita katika waya wa katikati hadi kwenye distribyuta, rota huugawa kwa zamu, nao huruka pengo la plagi na kuwa cheche. Kondensa huzuia umeme usiruke penye pointi wakati zinapoachana.

Fundi akiletewa gari lililokataa kuwaka haanzi kufungua kila kitu. Huchomoa plagi moja, huirudisha katika waya wake, huigusisha na chuma cha injini, na kumwambia mwenzake apige stati. Huitazama cheche. Ikiwa ni ya buluu na yenye mlio mkali, moto upo na umefika, na ugonjwa utafutwe katika mafuta au katika majira. Ikiwa ni nyekundu na dhaifu, moto umefika lakini umechoka. Ikiwa haipo kabisa, hurudi nyuma hatua moja na kuujaribu waya wa katikati unaotoka kwenye koili. Cheche ikionekana hapo, na kwenye plagi haikuonekana, basi mwizi yumo kati ya sehemu hizo mbili: rota, kifuniko, au waya. Hapo hukigeuza kifuniko na kutafuta ufa au mchirizi mweusi wa mkaa. Usiku kazi hii ni rahisi zaidi, kwa kuwa boneti likifunguliwa gizani moto unaovuja huonekana kwa macho.

Ikiwa hata koili haitoi cheche, fundi hufika kwenye pointi. Huzitazama nyuso zake. Zilizoungua na kuwa na kijilima upande mmoja na kijishimo upande wa pili humwelekeza kwenye kondensa. Zenye utando tu husuguliwa kwa msasa. Neno hili msasa nalo lina historia ya pwani: ni mti ambao majani yake yanakwaruza, na maseremala waliyatumia kulainishia mbao kabla karatasi ya dukani haijaja. Kisha hupima pengo, takriban nusu milimita. Asiyekuwa na kipimo hukata kipande cha boksi gumu na kukitumia badala yake, jambo ambalo vitabu havilipendi lakini limewafikisha watu nyumbani.

Gari linalowaka lakini linatetemeka lina ugonjwa mwingine. Fundi huliacha likinguruma na kuchomoa waya wa plagi mmoja baada ya mwingine. Akichomoa waya na mngurumo ukabadilika, silinda ile ilikuwa ikifanya kazi. Usipobadilika, amempata mgonjwa. Plagi yake ikitolewa husomwa kama barua: masizi makavu meusi ni petroli iliyozidi, weusi wenye utelezi ni oili inayopenya, weupe mkavu ni joto lililopita kiasi. Na kama waya zilichanganywa wakati wa kurudishwa, Datsun hii haitakubali mpaka zifuate mpangilio wake wa kuwaka, 1-5-3-6-2-4.

Maneno ya kuhukumiwa

Msomaji ameona kwamba vipuri vyote katika maelezo hayo vina majina ya mkopo, na kwamba karibu kila dalili, kila tendo na kila hukumu vimeelezwa kwa Kiswahili kisichohitaji msaada: kukataa kuwaka, kufika, kuchoka, kuvuja, mchirizi, ufa, masizi, utelezi, pengo. Hapana kamati iliyoyaunda. Yalikuwapo, na kazi ikayaita. Hata hivyo yako manne ambayo twaona yanahitaji kuangaliwa.

La kwanza ni moto. Fundi husema waya wa moto kwa maana ya waya wenye umeme, husema moto haufiki kwa maana ya cheche kukosekana, na injini iliyochemsha husema imepata moto. Mara nyingi muktadha hutosha. Lakini katika kutafuta hitilafu ya cheche hautoshi, maana mna umeme wa aina mbili katika mtambo mmoja, ule wa volti 12 na ule wa maelfu. Mwanafunzi aliyeambiwa tu kwamba moto haufiki kwenye distribyuta hajui ni upi usiofika: ule mdogo unaohudumia pointi, au ule mkubwa unaoingia katikati ya kifuniko. Akikisia vibaya atanunua koili mpya na kuacha waya wa shilingi chache uliokatika. Shirika la umeme limekwisha kuzoesha umma neno msongo kwa nyaya zake kubwa. Twaona lafaa kabisa: njia ya msongo mdogo na njia ya msongo mkubwa. Moto libaki katika mazungumzo ya gereji. Katika maandishi ya kufundishia, msongo uingie.

La pili ni kumisi. Silinda isiyowaka kwa zamu yake husemwa inamisi, na neno limeenea kiasi kwamba hata asiye na gari hulielewa. Wako wanaotaka liandikwe hivyo hivyo. Kwa upande wetu hatuoni sababu, maana lugha ina kitenzi kukosa, chenye maana ile ile, nacho hukubali viambishi vyote bila kusumbuka: silinda ya tatu inakosa, injini ina makosi. Hilo makosi latisha masikio kidogo kwa mara ya kwanza, na msomaji akilipatia jina bora tutalipokea.

La tatu ni taimingi. Hapa bahari yaweza kutusaidia. Majira ni wakati na msimu, lakini kwa manahodha ni pia mwelekeo wa chombo unaopaswa kushikwa. Majira ya cheche yangebeba maana zote mbili, ya wakati na ya kushika mahali pake. Vitenzi vyake tayari tunavyo tangu siku za wenzo wa Ford: cheche huwahishwa, cheche hucheleweshwa. Iliyowahi mno huifanya injini igonge; iliyochelewa mno huifanya ipate joto na kukosa nguvu.

La nne ni jina la kazi yenyewe, ya kutafuta na kutambua ugonjwa wa gari. Imewahi kupendekezwa uaguzi, kwa hoja kwamba kuagua ni neno la asili la kutambua maradhi na kuyaondoa. Tunasita. Katika pwani hii mwaguzi hutazama ramli na kutoa jibu ambalo mgonjwa hawezi kulikagua. Fundi wa cheche hufanya kinyume: kila jibu lake laweza kuonwa na mtu aliyesimama kando yake, na kila jaribio huondoa nusu ya mashaka. Twapendelea utambuzi wa hitilafu. Neno hitilafu umma umekwisha kulizoea katika taarifa za ajali za moto, na asili yake ya Kiarabu, ya kutofautiana, yaafiki jambo lenyewe: kitu kimeacha kuwa kama kinavyopaswa kuwa.

Haraka yetu ina sababu. Magari mengi yaliyotengenezwa baada ya miaka ya 1980 hayana pointi. Kazi yake hufanywa na vifaa vya elektroniki. Cheche ya petroli inayoonekana zaidi leo Kilwa Masoko au Lindi ni ya pikipiki, na pikipiki nyingi zina kisanduku kidogo kiitwacho sidiai, ambacho ndani yake mna kapasita, ndugu wa kondensa ile ile. Hakifunguliwi. Kikiharibika, fundi kijana husema sidiai imekufa, hununua nyingine, na mteja huondoka. Hatumlaumu, kwa kuwa hana la kuchunguza zaidi. Lakini maneno ya kuchunguza huondoka pamoja na kilichokuwa kikichunguzwa, na mafundi waliojifunza kazi kwa pointi na kondensa sasa ni wazee.

Tunawaomba basi wasomaji walioko Kilwa, Lindi, Nachingwea na Mtwara, hasa wenye wazazi au babu waliofanya kazi katika karakana za mkonge na za karanga, watuletee maneno yaliyotumika huko. Tunahitaji zaidi jina la ile michirizi ya mwanga inayotambaa juu ya kifuniko cha distribyuta usiku, jina la mtetemo wa injini iliyopoteza silinda moja, na jina la mlipuko unaorudi nyuma kupitia kabureta. Kila neno liandikwe pamoja na sentensi ambamo lilisikika, mahali liliposikika, na umri wa aliyelisema.